Bendera za ufukweni: rangi tatu, nyekundu-njano, au nyekundu peke yake?

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa barazani Mtaa wa Mawenzi hapa Moshi na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya ovaloki, na kinachonilisha ni sare za shule. Bahari naijua kwa kuitembelea tu. Utauliza mtu wa mlimani ameingiaje kwenye mambo ya bendera za ufukweni. Nimeingizwa na mteja.

Ni dada mmoja mwenye mabanda ya wageni upande wa Pangani. Namba yangu aliipata kwa shemeji yake, tunasali naye huku. Akapiga simu: "Mangi, sijui nikuamkie au nikusalimie, maana umri wako siujui." Nikamwambia salamu inatosha. "Haya. Nataka bendera za usalama za pale ufukweni kwangu. Kijani, njano, nyekundu. Kama mataa." Nikasema sawa dada, na kabla hajakata nilishapiga hesabu ya kitambaa.

Usiku nikaanza kusoma, nikakuta mambo si mepesi hivyo. Baada yake wamekuja wengine wawili, mmoja ana eneo Tanga, mwingine ana bwawa la kuogelea Arusha, na wote wameniuliza swali lilelile: nichukue seti ipi? Siku hizi simjibu mtu rangi kabla hajanijibu jambo moja. Nani ataipandisha asubuhi, na nani ataishusha? Akishanijibu hilo, kazi ya kuchagua inabaki ndogo sana.

Kwa nini nauliza hivyo

Mwaka juzi, kabla sijapata oda hii, tulienda pwani kifamilia. Mwezi wa sita, shule zimefungwa. Tulifikia sehemu ambayo siitaji jina. Kwenye mnazi mmoja palikuwa na kitambaa cha waridi kimefungwa kwa kamba ya katani, ncha zimechanika mpaka zinafanana na tambi. Mke wangu alidhani ni pambo la harusi lililosahauliwa. Watoto wakakodi tyubu za magari, wakaingia majini.

Maji yalikuwa yanatoka, na pembeni yetu palikuwa na mto mdogo unaoingia baharini. Mtoto wa dada yangu, miaka kumi na miwili, alikuwa amejilaza juu ya tyubu, miguu nje, anaangalia mawingu. Mimi nimekaa mchangani na muhindi wangu wa kuchoma, naona tu anazidi kuwa mdogo. Sikuelewa kwa nini. Hakuwa anapiga maji, wala hakukuwa na wimbi la kutisha, ila kila nikitazama amekuwa mdogo zaidi. Tulipoanza kupiga kelele alikuwa ameshapita mahali ambapo sauti inafika.

Aliyemrudisha ni mzee mmoja mwenye ngalawa aliyekuwa anatoka kwenye mitego yake. Alimtua mchangani, akakataa hela, akanyoosha kidevu kuelekea mnazini.

"Hamkuiona bendera?"

"Ipi, mzee wangu?"

"Ile nyekundu."

"Ile ya waridi?"

"Ilikuwa nyekundu. Ipo pale tangu Pasaka."

Hebu fikiria. Tangu Pasaka mpaka mwezi wa sita, ni siku ngapi bahari ilitulia kama maji ya beseni na kile kitambaa kikaendelea kusema hatari? Wenyeji walishaacha kukitazama. Wageni tusiojua tulikiona pambo. Waswahili husema bendera hufuata upepo. Ile haikufuata upepo wala maji, ilifuata kamba iliyofungiwa. Tangu siku hiyo, ninapolinganisha seti za bendera, kwanza naangalia kila seti inahitaji mkono wa mtu mara ngapi kwa siku.

Seti ya kwanza: kijani, njano, nyekundu

Hii ndiyo aliyoitaka dada wa Pangani, na ndiyo watu wengi huitaja kwanza. Florida kule Marekani wanaitumia, Hispania na Ureno pia. Kijani ni bahari tulivu, njano ni hatari ya wastani, nyekundu ni hatari kubwa. Uzuri wake uko wazi: aliyewahi kusimama kwenye mataa anaielewa bila darasa.

Matatizo yake huyaoni mpaka uikalie. La kwanza ni kijani chenyewe. Ukimpandishia mgeni kijani, umempa ahadi. Umemwambia ingia, nimekuangalizia. Bahari haina ahadi ya namna hiyo, na mtoto asiyejua kuogelea anaweza kuzama kwenye maji ya kiuno siku ya kijani. Ndiyo maana Waingereza na Waaustralia hawana kijani kwenye bendera zao za ufukweni leo. Kwao hakuna rangi inayosema "salama kabisa". Mimi hapo nimesimama upande wao. Nikishona kijani nashona kwa shingo upande.

La pili, rangi ni zilezile lakini maneno si yaleyale. Ureno, bendera ya njano maana yake unaruhusiwa kuingia majini lakini usiogelee. Florida njano ni tahadhari tu, unaogelea. Nyekundu moja ya Florida inasema hatari ni kubwa, mawimbi au mikondo ina nguvu. Kufunga maji kabisa wanapandisha nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, na kuna miji ambako ukiingia majini chini ya hizo mbili unalipa faini. Ukienda Uingereza, nyekundu moja tu inatosha: usiingie, basi. Sasa wageni wa Pangani wanatoka pande zote hizo. Mreno na Mmarekani wakikaa meza moja asubuhi, wakatazama njano yako moja, mmoja atalowesha miguu na mwingine atafika kwenye mwamba. Usipoweka ubao wa maelezo chini ya mlingoti, kila mtu atasoma bendera kwa lugha ya kwao.

La tatu ni macho. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha rangi, na tatizo lenyewe mara nyingi ni hizohizo, nyekundu na kijani. Wateja wa mabanda ya ufukweni ni hao hao. Nyekundu mbili za Florida zina akili hapo, maana kuhesabu mbili hakuhitaji rangi. Na hata kwa sisi wenye macho mazima, nyekundu jua likishazama hugeuka nyeusi.

La nne utacheka, lakini mimi ni fundi, naulizwa kila siku. Tanzania ukipandisha kijani na njano kwenye mlingoti, nusu ya watu wanaona chama na nusu nyingine wanaona Yanga. Nyekundu ikipanda, Simba wanashangilia. Nimeshona vitambaa vya pande zote na najua. Dada nilimwambia, akanyamaza kidogo, akasema, "Kweli, na kijana wangu wa getini ni Yanga damu. Kijani haitashuka mwaka mzima."

Halafu ile hesabu ya mikono. Seti hii inataka mtu anayejua kupima bahari, aipime asubuhi, aipime tena maji yakigeuka, na awe na ujasiri wa kubadilisha bendera saa saba mchana wakati wageni wamejaa na baa inauza. Kuijua bahari wavuvi wanajua, tena vizuri. Kilicho kigumu ni kumpata mwenye ruhusa ya kuamua bila kupiga simu kwa bosi.

Seti ya pili: nyekundu juu, njano chini

Hii ni bendera moja yenye nusu mbili. Unazipanda mbili ufukweni, mbalimbali, na watu wanaogelea katikati yake. Ndiyo inayopendekezwa na shirikisho la kimataifa la uokoaji majini, iko kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 20712-2 cha mwaka 2007, na utaikuta Australia, Uingereza na Afrika Kusini. Ufaransa ambao zamani walitumia bendera za buluu kuonyesha eneo la kuogelea waliziacha mwaka 2022 wakaingia kwenye nyekundu-njano, huku wakibaki na kijani, njano na nyekundu kwa ajili ya hali ya bahari. Kwa hiyo seti hizi mbili si lazima zigombane.

Tofauti yake kubwa na ile ya mataa ni kwamba haisemi bahari ikoje. Inasema mambo mawili tu: ogelea hapa, na kuna mwokoaji anakutazama. Mwanzoni niliona ni pungufu. Nilipoelewa mkondo wa kurudi baharini nikabadilika.

Maji ya mawimbi yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi, na yanarudi kwa njia yenye upenyo, kama watu wanavyotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Pale yanapotokea, mawimbi hayavunjiki vizuri, maji yanaonekana yametulia, meusi kidogo. Mgeni akitazama anaona hapo ndipo pazuri pa kuingiza watoto. Kumbe ndipo mlangoni. Kwenye fukwe zetu zenye miamba mbele, maji yakitoka hupita kwenye mapengo ya mwamba na kwenye midomo ya mito, na kasi yake humshinda muogeleaji mzuri. (Ukikamatwa usishindane nayo. Elea, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo urudi.) Ufukwe uleule, saa ileile, hatua hamsini kulia ni salama na hatua hamsini kushoto ni kaburi. Rangi tatu kwenye mlingoti mmoja haziwezi kusema hilo. Bendera mbili mchangani zinaweza.

Lakini nazo zina gharama yake. Pwani yetu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mara mbili kwa siku, na ufukwe wa Pangani ni bapa. Bendera ulizozipanda asubuhi ukingoni mwa maji, saa sita utazikuta zimesimama mbali kavukavu zinalinda kaa. Lazima zihamishwe. Kwa hiyo usizipe milingoti ya zege. Zipe fito nyepesi zenye ncha ya kuchoma mchangani, kijana mmoja abebe zote mbili begani.

Na sharti lisilojadiliwa: mwokoaji akiondoka, zinashuka. Akienda kula, zinashuka. Akiitwa jikoni kubeba kreti, zinashuka. Wareno wamefika mbali kwenye hili, wana bendera ya miraba ya buluu na nyeupe inayosema ufukwe kwa sasa hauna mlinzi. Naipenda sana hiyo, ni bendera ya "kaenda kula". Nyekundu-njano inayopepea bila mtu ni mbaya kuliko mlingoti mtupu, maana mama anageuza mgongo akijua kuna anayemtazamia mwanawe.

Kasoro nyingine ni kwamba huku kwetu wengi hawaijui. Mtanzania aliyetoka Moshi kwa basi la kanisa hana sababu ya kujua kwamba nyekundu-njano ni mwaliko. Nyekundu kwetu ni mbao zinazochomoza nyuma ya lori. Kwa hiyo ubao tena: mchoro wa bendera mbili, mtu katikati anaogelea, na maneno mawili matatu ya Kiswahili makubwa. Ubao huo ni kazi ya mchoraji wa mabango, mimi sishoni mbao.

Seti ya tatu: nyekundu peke yake

Kwa asiye na mwokoaji. Bendera moja, inapanda siku mbaya na inashuka siku nyingine zote. Bei ndogo, uamuzi mmoja tu.

Swali gumu ni hili: mlingoti ukiwa mtupu, unasema nini? Kwenye nyekundu-njano, utupu unasema hakuna mlinzi. Kwenye rangi tatu, utupu unasema hakuna aliye kazini. Kwenye hii ya nyekundu peke yake, utupu unaweza kusema bahari ni shwari, au kijana amechelewa kuamka, na aliye mchangani hana namna ya kujua ipi ni ipi. Ndiyo sababu wengi huishia kuiacha juu siku zote, "kwa usalama", na hapo ndipo unapata kitambaa cha waridi kwenye mnazi.

Ukiichagua, iandikie ubao usemao wazi kwamba ufukwe huu hauna mwokoaji, bendera iwepo isiwepo. Na chagua saa ya kuikagua, iandikwe ukutani mapokezi kama zamu ya kuwasha jenereta.

Nyongeza

Zipo nyingi, nitapita haraka. Zambarau ni viumbe wa hatari majini, yaani yavuyavu, samaki taa na wenzao. Inapanda pamoja na nyingine, haisimami peke yake. Nyeusi na nyeupe za miraba minne ni eneo la mbao za mawimbini na vyombo vingine vya majini visivyo na injini. Mwenye kukodisha vyombo vya mchezo anaihitaji, la sivyo muogeleaji atagongwa.

Mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa, ule kama soksi, ndio ninaomshauri kila mtu wa pwani yetu achukue. Unapandishwa upepo ukiwa unatoka nchi kavu kwenda baharini, kuzuia maboya ya kujaza upepo. Kwa Wazungu ni vitanda vya plastiki. Kwetu ni tyubu. Upepo huo ni mdanganyifu kwa sababu unalaza mawimbi, ufukweni panakuwa pazuri kabisa, na tyubu inaondoka taratibu. Kuushona kuna kazi kidogo, mdomo unahitaji pete ya waya ili ubaki wazi.

Miraba ya nyekundu na nyeupe Japani walianza kuitumia mwaka 2020 kutangaza tsunami, hasa kwa ajili ya wasiosikia king'ora na walio mbali majini. Miraba ile inaonekana hata na asiyetofautisha rangi. Tusidhani ni mambo ya Wajapani pekee, Desemba 26, 2004 wimbi lile lilifika mpaka pwani yetu na likaua waogeleaji Dar es Salaam. Ila kwa mabanda sita ya wageni, king'ora cha mkono na filimbi kwanza.

Sasa jihadhari na zinazofanana. Bendera ya Buluu, ile iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985, ni tuzo ya usafi na huduma za ufukwe. Haisemi lolote kuhusu bahari ya leo, na huwezi kuja kwangu ukaishonesha. Inatolewa na wenyewe. Na Cape Town wana bendera za waangalizi wa papa tangu 2004: kijani maana yake mwangalizi anaona majini vizuri na hakuna papa aliyeonekana, nyeusi maana yake haoni vizuri, nyekundu ni tahadhari kubwa, na nyeupe yenye picha ya papa ni toka majini sasa hivi. Kijani chao hakihusiani na mawimbi hata kidogo. Mteja wangu wa Tanga alikuwa ameona picha zake mtandaoni akataka nyeusi. Nikamuuliza, kaka, una mtu juu ya mlima anaangalia papa? Akacheka, tukaiacha.

Kitambaa, ambako mimi ndiye ninayejua

Hapa wauza bendera wengi watakudanganya, kwa hiyo soma polepole.

Popelini ya pamba ni ya bei rahisi na inakubali rangi vizuri. Pwani inakufa mapema. Inanyonya maji, inakuwa nzito haipepei, inaota ukungu, na jua linaifuta rangi. Kile kitambaa cha waridi nilikishika kwa mikono yangu kabla hatujaondoka: popelini, tena mshono wa uzi wa pamba uliooza kwa chumvi, nikiuvuta unakatika kama mkate.

Kitambaa cha parachuti ni chepesi, kinapepea hata upepo ukiwa kidogo, kinakauka upesi. Kasoro yake ni jua. Rangi inaondoka kabla kitambaa hakijachakaa. Kwa bendera ya timu haidhuru. Kwa bendera ambayo rangi yake ndiyo ujumbe, hiyo ni hasara.

Satini nyembamba, ile inayotumika kwenye bendera za kampeni, kaa nayo mbali. Imeshonwa idumu hadi siku ya kura.

Mimi nachukua poliesta nzito ya nje. Inahitaji upepo zaidi ili ifunguke, lakini pwani upepo haukosi: kusi kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Rangi inashika. Teteroni ya sare, ambayo nina marobota yake dukani, ni nusu ya njia, ina pamba ndani; nimemshonea mtu mmoja akiba kwa teteroni kwa sababu hela ilikuwa imekwisha, na nilimwambia hivyohivyo.

Ukubwa ninaoshona ni sentimita 90 kwa 75. Kwa nyekundu-njano nakata kila nusu 98 kwa 41: 37.5 ndiyo itakayoonekana, 1.5 ya mshono wa katikati, 2 ya pindo la nje. Kwa urefu, 5 za mfereji wa kamba na 3 za kukunja ncha ya mwisho. Ncha ya mwisho ndiyo inayopigwa na upepo siku nzima, ndiyo inayogeuka tambi, kwa hiyo hapo napiga mishono minne kwa uzi wa poliesta. Kwenye pembe nazidisha kipande cha pembetatu ndani. Pete natumia za shaba. Chuma kinatoa kutu, na kutu inaila poliesta kuliko bahari.

Jambo lililonichukua siku mbili kulifikiria ni kwamba nyekundu lazima iwe juu, na kijana anayepandisha bendera saa kumi na mbili asubuhi hana muda wa kukumbuka. Kwa hiyo juu naweka kitanzi kinachovishwa kichwani mwa fito, chini naweka kamba ya kufunga. Ukijaribu kuigeuza haikubali.

Na uchukue mbili mbili. Moja juu, moja kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, zibadilishane kila wiki. Ikianza kupauka usiipeleke kwa fundi kuiweka viraka. Igeuze dasta.

Maji ya huku juu

Yule wa Arusha mwenye bwawa nilimkatalia. Bwawa lina kuta, halina mkondo. Anachohitaji ni namba za kina zilizopakwa ukingoni, kamba ya maboya pale kina kinapobadilika, na mtu wa kukaa kwenye kiti. Vilevile kwa Chemka pale Boma Ng'ombe, ambako sisi watoto wa mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchagani, ndiko wengi tulijifunza kuogelea: maji ni yaleyale mwaka mzima, hatari ni anayeruka na kamba bila kuangalia chini. Ziwa Chala nalo kingo zake zinashuka ghafla, hatua chache tu huna chini. Bendera ni kwa maji yanayobadilika tabia.

Ingawa, nikiwa nashona ile oda, nilikumbuka kwamba maji ya Karanga yanayopita hapa mjini, na yale ya Chemka, yote yanaingia Nyumba ya Mungu na kuishia baharini pale Pangani. Ule mdomo wa mto ninaomwonya dada auepuke, tunaujaza sisi.

Dada alichochukua

Nilimuuliza swali langu. Akasema ana kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, anaogelea kama samaki, atampeleka kusomea uokoaji na huduma ya kwanza. Yupo kazini saa tatu hadi saa sita na saa tisa hadi saa kumi na mbili kasoro. Mbele ya mabanda ufukwe una mita kama mia mbili, mdomo wa mto uko kusini yake.

Hapo rangi tatu zikaanguka zenyewe. Mtu mmoja hawezi kupima bahari, kuhamisha fito na kutazama waogeleaji kwa pamoja. Tukakubaliana nyekundu-njano nne, mbili za kazi na mbili za ndoo. Nyekundu tupu mbili, ya siku mbaya na ya akiba yake. Mfuko mmoja wa chungwa. Kati ya saa sita na saa tisa mchangani hapana kitu, na ubao unasema kwa nini.

Zambarau aliitaka sana kwa ajili ya yavuyavu. Nikamwambia hiyo subiri, kijana azoee hizi kwanza. "Na kijani je, Mangi, hata kimoja cha sherehe?" Nikamwambia kijani ninacho, robota zima, sare za shule fulani ya Majengo. Akitaka nitamshonea vitambaa vya meza.

Kama na wewe unataka kuagiza, nitumie kwanza mambo matatu: saa ambazo mwokoaji wako yupo kazini, picha ya ufukwe maji yakiwa yametoka, na unene wa fito zako kwa sentimita. Fito ndiyo watu wanaisahau, halafu kitanzi hakiingii.